Usiikate Antena ya Gari la Zamani

Antena ya umeme ndiyo kifaa cha kwanza kusahauliwa kwenye gari la zamani. Injini ikigoma gari halitoki, breki zikilegea kila mtu anaogopa, lakini antena ikikwama nusu njia safari inaendelea kama kawaida. Mwenye gari anaizoea. Msimu wa mvua unapita, mlingoti unapinda, mota inaliwa na kutu, na siku anapoikumbuka redio fundi anamwambia: "Bosi, hii ya kizamani tuikate tu, nikuzibie tundu, nikuwekee ya kisasa juu ya paa." Ya kisasa ni kile kidude chenye umbo la pezi la papa. Katikati ya jiji ushauri huo unaweza kupita bila mtu kuona hasara. Katika kata ya Mbangala, wilaya ya Songwe, ni ushauri mbaya, na sababu zake zinaanzia kwenye milima na mawimbi, kabla hata hatujafika kwenye mapenzi ya magari ya zamani.

Mbangala iko upande wa kaskazini wa mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, katika nchi ya dhahabu ya Lupa ambako wachimbaji wamekuwa wakitafuta madini tangu miaka ya 1920. Mgodi mkubwa wa New Luika, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2012, uko katika wilaya hii hii. Ardhi inateremka kuelekea Ziwa Rukwa, lililo kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, na upande wa kusini-mashariki safu ya milima ya Mbeya inapanda kupita mita 2,800. Mawimbi ya FM husafiri kwa njia inayokaribia kunyooka. Mlima ukikaa katikati ya mtambo na gari, kinachofika kwenye gari ni mabaki. Dereva anayeshuka kutoka Mbalizi kwa njia ya Galula kwenda Mkwajuni hahitaji kuelezwa jambo hili na mhandisi, maana redio yake inamweleza.

Masafa ya kati yana tabia nyingine. Mchana hutambaa juu ya ardhi na kupita pale FM inaposhindwa. Usiku hurudishwa chini na tabaka la juu la anga na kufika mamia ya kilomita. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ilifika vijijini kwa masafa ya kati na masafa mafupi, na Radio Free Africa ya Mwanza ilipoanza kurusha kwenye kilohezi 1377 ilisikika mbali kuliko kituo chochote cha FM kingeweza kufika kwa mtambo mmoja. Redio za magari ya miaka ya 1970 na 1980 zilitengenezwa kwa ajili ya ulimwengu huo, na antena zake vilevile.

Hesabu yake si ngumu. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na antena inayolinasa vizuri ni robo ya urefu huo, yaani sentimita 75. Kwenye masafa ya kati, wimbi la kilohezi 1000 lina urefu wa mita 300, na robo yake ni mita 75. Hakuna gari litakaloibeba. Hapo antena ya gari inafanya kazi ikiwa fupi mno kuliko inavyotakiwa, na kwa hiyo kila sentimita ya mlingoti inayoongezwa ni faida. Ndiyo maana antena za umeme nyingi zilipopanda zote zilikaribia mita moja. Urefu ule ulichaguliwa na wahandisi wa mawasiliano, kisha ndipo watu wakaupenda kwa macho. Redio yenyewe haina namna ya kurudisha kilichopotea kwenye antena, kwa sababu kikuza sauti hukuza kila kinachoingia, maneno na mikwaruzo kwa pamoja.

Kabla ya katikati ya miaka ya 1930 magari mengi ya Marekani yalificha antena yake kwenye paa, ndani ya kitambaa, kama wavu wa waya. Paa zilipoanza kutengenezwa kwa chuma kitupu, chuma hicho kikayazuia mawimbi, na antena ikalazimika kutoka nje. Mlingoti wa mita moja ukiwa nje una maadui wengi: matawi, brashi za kuoshea magari, watoto, wezi. Mota ya kuupandisha na kuuficha ililetwa ili gari lipate mlingoti mrefu bila kuupoteza. Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews, liliuzwa kwa wateja wa kawaida wa Marekani likiwa na antena ya umeme kwenye fenda ya nyuma. Mercedes-Benz W124 iliiweka kwenye fenda ya nyuma kushoto, na nyingi kati ya antena zake zilitoka kwa Hirschmann wa Ujerumani. Toyota iliifunga kwenye Crown, Cresta na Mark II, na kwenye Land Cruiser ya 80 ya daraja la juu. Hayo ya Toyota ndiyo yanayotuhusu zaidi, kwa kuwa ndiyo yaliyobaki barabarani kwetu.

Ndani ya fenda kuna mota ndogo ya volti 12, gia na ngoma. Kwenye ngoma imezungushwa kamba ngumu ya nailoni, na upande mmoja wa kamba hiyo una meno. Mota ikizunguka, gia inashika meno na kuisukuma kamba juu, ndani ya mirija inayoingiana ya mlingoti. Kamba imefungwa kwenye mrija mwembamba kuliko yote, ule wa ncha. Huo ukipanda unavuta wenzake mmoja baada ya mwingine. Kushuka ni kinyume chake. Antena ikifika mwisho, klachi inateleza kidogo, kisha swichi ya kikomo au rilei inakata umeme.

Sehemu hizo hazifi kwa wakati mmoja. Mota iliyokaa pakavu inaweza kuishi kuliko bodi ya gari. Gia nazo huchukua miaka. Kinachokufa ni kamba ya nailoni: joto linaikausha miaka nenda rudi, inapoteza ulaini wake, na siku mlingoti uliopinda unapokataa kushuka huku mota ikiendelea kuvuta, meno yanang'oka au kamba inakatika. Kwa maneno mengine, sehemu rahisi kuliko zote ndiyo inayoharibika kwanza, na watengenezaji walilijua hilo. Toyota iliuza mlingoti na kamba yake peke yake, bila mota, kwa makusudi kwamba fundi abadilishe kipande hicho akiacha vingine vyote mahali pake. Anayeng'oa mtambo mzima kwa sababu ya kamba anatupa mota nzima, na mara nyingi mota hiyo ni bora kuliko ile atakayoinunua.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa kusikiliza. Zima injini, weka swichi ya gari kwenye nafasi ya redio, simama karibu na fenda, mtu mwingine awashe redio. Mota ikilia na mlingoti usisogee, kamba imekatika au meno yameisha. Mota ikilia, mlingoti ukapanda kidogo, ukaanza kugonga tak-tak-tak, mirija imepinda au imejaa uchafu na klachi inateleza. Kukiwa kimya kabisa, tatizo ni la umeme, na hapo bado hakuna sababu ya kufungua mota. Angalia fyuzi kwanza. Kisha chukua testa na upime waya zinazoingia kwenye mota. Kwenye Toyota nyingi kuna waya wenye umeme muda wote kutoka kwenye betri, waya unaopata umeme swichi ikifunguliwa, waya wa ishara kutoka kwenye redio, na waya wa ethi. Ule wa muda wote ndio unaoiwezesha antena kushuka baada ya gari kuzimwa. Ukikosekana, antena itabaki juu ikisubiri tawi la mwiba. Na waya wa ethi uliooza unaweza kuifanya mota nzima ionekane imekufa.

Kama ni kamba, fungua nati ya juu inayoshika mlingoti kwenye shingo ya antena. Washa redio. Mota itausukuma mlingoti nje pamoja na kamba yake. Upokee kwa mkono, usiuache uanguke juu ya rangi. Hapa pana hatua inayorukwa mara nyingi kuliko zote: nyoosha kamba iliyotoka na uone kama imetoka nzima. Ikiwa imekatikia ndani, kipande kilichobaki kwenye ngoma kitaizuia kamba mpya, fundi atailazimisha, na kamba mpya itaharibika siku ile ile. Kipande kikibaki ndani hakuna njia ya mkato. Antena itolewe kwenye fenda, kwa kupitia kwenye buti kama ni ya nyuma au nyuma ya plastiki ya ndani ya tairi kama ni ya mbele, kifuniko cha ngoma kifunguliwe, mabaki yote yatolewe, na grisi ya zamani iliyoganda ikwanguliwe na kubadilishwa kwa grisi nyepesi kidogo tu.

Mlingoti mpya unaingizwa kwa kuanza na kamba, meno yakiwa yameelekea upande wa gia. Mlingoti ukae umenyooshwa wote. Sukuma kamba taratibu hadi uhisi imegusa gia, kisha mwenzako azime redio. Mota itazunguka kwa kushuka na kuivuta. Kama haikushika, geuza kamba kidogo, awashe na kuzima tena. Ongoza mlingoti kwa vidole uingie ukiwa wima, bila kuubonyeza. Ukiingia karibu wote, rudisha nati na uibane kwa spana ya saizi yake; koleo huacha alama ambazo hazifutiki kwenye kromu. Kisha ipandishe na kuishusha mara kadhaa, na kama ncha inabaki juu kidogo, mizunguko hiyo kwa kawaida huimaliza.

Kuna mafundi wanaoiunganisha kamba iliyokatika kwa kuiyeyusha kwa moto. Ninaielewa nia yao, maana spea iko mbali na mteja anataka kuondoka. Lakini kiungo hicho kinakuwa kinene na hakina meno. Kinapofika kwenye gia kinasimama, na mota iliyokuwa nzima inaungua ikijaribu kukivuta. Ukarabati wa namna hiyo unaharibu kitu kizima ili kuokoa kibovu. Heri antena iachwe juu, waya wa mota uchomolewe, hadi mlingoti upatikane.

Redio mpya huleta kosa jingine. Redio nyingi zinazouzwa madukani zina waya wa bluu kwa ajili ya antena, na waya wa bluu wenye mstari mweupe kwa ajili ya kuamsha amplifaya. Waya huo wa bluu unatoa umeme kidogo sana, wa kutosha kuiamsha rilei tu. Fundi akiufunga moja kwa moja kwenye mota isiyo na rilei yake, anaunguza redio. Na baadhi ya redio hizo hukata umeme wa waya wa bluu mtu anapohamia kwenye muziki wa simu au flashi. Antena ikishuka yenyewe wakati huo, hakuna kilichoharibika.

Magari yaliyotoka Japani yana jambo lake. Redio zao zilipangiwa FM ya Japani, iliyoanzia megahezi 76 na kwa miongo mingi iliishia 90, wakati vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Ili zisikike, watu huchomeka kati ya waya wa antena na redio kile kidude cha kushusha masafa. Kinafanya kazi mjini kwenye mawimbi yenye nguvu. Kwenye mawimbi dhaifu kinaongeza kelele zake, na mara nyingi lawama huiangukia antena. Kwa mtu wa Mbangala anayetaka kusikia, fedha ya kidude hicho ingefaa iwe mwanzo wa akiba ya redio yenye masafa yetu, tena yenye masafa ya kati.

Vumbi linahitaji kusemwa peke yake. Barabara za changarawe za wilaya ya Songwe huijaza mirija vumbi laini, na kila antena inaposhuka huliingiza ndani. Likikutana na grisi linageuka msasa. Kwa hiyo mlingoti haupakwi grisi hata kidogo. Unapanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, unaachwa ukauke, kisha unapakwa mafuta ya cherehani kwa kiasi cha kuacha alama tu kwenye kidole. Kazi hiyo ifanyike antena ikiwa juu, kabla redio haijazimwa, hasa baada ya safari ndefu ya kiangazi. Masika yana shida nyingine: chini ya mtambo kuna bomba dogo la mpira la kutoa maji yanayopenya kwenye shingo. Bomba hilo likizibwa na tope, maji hujaa ndani na kuila mota kutoka chini, na wakati huo huo huanza kuozesha fenda. Ni mota ngapi zimetupwa kwa sababu ya bomba ambalo lingezibuliwa kwa waya wa baiskeli!

Sasa turudi kwenye pezi la papa. Lile la kweli, lililotengenezwa na kiwanda cha gari, lina ubao mdogo na kikuzio ndani yake, na kikuzio hicho lazima kipate umeme. Limebuniwa kwa ajili ya maeneo yenye mitambo ya FM karibu. Yale yanayobandikwa kwa gundi barabarani mengi ni plastiki tupu yenye kipande cha waya, na kwenye masafa ya kati ni kama hakuna antena. Antena za umeme za kufaa magari yote nazo zina kasoro zake. Mlingoti wake mara nyingi ni mfupi, na shingo yake haifuati mteremko wa fenda ya gari lako, hivyo fundi hulipanua tundu kwa tupa, maji yanapata njia, na kutu inaanza mahali ambapo hakuna anayepaona. Tundu lililopanuliwa halirudi kuwa dogo.

Kama mota imekufa kweli na ya kubadilisha haipatikani, ningechagua mlingoti wa kawaida usio na mota, wenye urefu wa sentimita 75 hadi mita moja, uliofungwa kwenye tundu lile lile la zamani, na uwe wa kufunguliwa kwa mkono unapoingia njia za porini. Gari litapoteza kitu kizuri, lakini litaendelea kusikia. Mota ya zamani isafishwe, ifungwe kwenye nailoni na kuwekwa kabatini, kwa sababu nyingine haitapatikana kirahisi. Magari yanayopita Tunduma siku hizi kwenda Lusaka na Lubumbashi, kwenye kituo cha pamoja cha mpaka kilichozinduliwa mwaka 2019, mengi ni ya miaka ambayo antena imechorwa kwenye kioo cha nyuma. Tanzania inatoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka, na Kenya haiingizi gari lililozidi miaka minane. Hakuna tena Cresta za 1988 zinazoshuka melini ili zikichinjwa zitupatie spea. Kilichobaki ni stoo za Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, soko la Kisekka mjini Kampala, na yadi za Sharjah ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikilisha mafundi wa Afrika Mashariki. Ukiagiza, taja modeli na mwaka wa gari, na umtumie muuzaji picha ya mota, ya soketi ya waya zake na ya shingo. Mlingoti pekee ni mwepesi, unasafiri kwa basi bila taabu.

Ukishafunga kila kitu, kazi ina hatua mbili za mwisho, na bila hizo mlingoti mpya hautafanya tofauti unayoilipia. Ya kwanza ni ethi ya antena yenyewe. Kitako cha shingo lazima kiume chuma kitupu cha fenda; rangi na kutu vikwanguliwe kwa chini, pale ambapo hapaonekani, kisha papakwe grisi ili pasipate kutu tena. Ukisikia mlio unaopanda na kushuka kwa kufuata mzunguko wa injini, rudi hapo kwanza. Waya wa antena nao usiongezwe kwa kipande cha waya wa televisheni, kwa sababu ule wa gari umetengenezwa usimeze mawimbi ya masafa ya kati.

Ya pili inahusu redio za zamani peke yake. Karibu na tundu la waya wa antena, au nyuma ya kitufe cha kutafutia vituo, kuna skrubu ndogo ya kulinganisha redio na antena. Pandisha mlingoti wote, tafuta kituo dhaifu cha masafa ya kati karibu na kilohezi 1400, halafu zungusha skrubu hiyo kwa bisibisi ndogo, polepole, hadi sauti ifike juu kabisa kabla haijaanza kushuka. Iache hapo. Kama unaizungusha na sauti haibadiliki popote, waya umekatika au kitako hakijagusa chuma, na itabidi fenda ifunguliwe tena.